Nani Kamtuma Lissu?

Wenzangu wa kalamu, wengine mnanifahamu. Mimi ndiye yule kijana mwenye riwaya isiyokwisha. Nilimaliza kidato cha nne, nafasi ya kuendelea sikuipata, na tangu hapo mchana nauza vipuri vya pikipiki katika duka la mjomba wangu Buguruni, usiku naandika. Madaftari makubwa matano yamekwisha jaa. Siku moja nilimpa mwalimu wangu wa zamani asome. Akanirudishia, na ukurasa wa arobaini kaandika kwa wino mwekundu maneno mawili tu: "Kwa nini?" Jambazi wangu alikuwa amemuuza kaka yake kwa polisi, lakini mimi mtunzi sikuwa nimesema anapata nini kwa kufanya hivyo. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikakubali. Hata msaliti wa kitabuni lazima awe na sababu, vinginevyo msomaji anafunga kitabu na kwenda zake kulala.

Sasa Desemba 2024 nikawa nakaa kijiweni, mbele ya duka letu hapo, nawasikiliza watu wazima wenye akili zao na ndevu zao wakisimulia hadithi mbovu kuliko ya kwangu, na hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu nyekundu. Hadithi yenyewe fupi: Tundu Lissu katumwa.

Kwa wale waliokuwa usingizini, mambo yalikuwa hivi. Lissu, wakati huo Makamu Mwenyekiti wa Chadema upande wa Bara, alitangaza tarehe 12 Desemba 2024 kwamba anagombea uenyekiti wa chama taifa. Kiti hicho kilikuwa na Freeman Mbowe tangu mwaka 2004. Tarehe 21 ya mwezi ule ule Mbowe naye akasema anakitetea. Ikawa kasheshe. Ndugu hawakusalimiana, wake kwa waume wakagawana meza za chai, na kijiwe chetu kikagawanyika katikati kama chapati. Mimi nilikuwa wa Lissu. Sikuwa na kura, maana mwenyekiti huchaguliwa na wajumbe wa mkutano mkuu, na mimi hata kwenye tawi nilikuwa mtu wa kupanga viti. Nilichokuwa nacho ni mdomo, na kwa bahati mbaya nikawa na kalamu pia. Hayo ya kalamu nitayaeleza mbele ya safari, msinihukumu mapema.

Katumwa na nani? Hapo ndipo pa kuchekesha. Asubuhi, wakati wa kahawa, alikuwa ametumwa na CCM ili aue upinzani. Jioni, mtu yule yule, na kofia yake ile ile, anakuambia katumwa na mabeberu wa Ulaya ili aiuze nchi. Nikamuuliza: kaka, hawa waajiri wawili wanajuana? Wanamlipa kwa zamu? Akasema mimi mtoto mdogo, siasa siijui. Inawezekana. Lakini utunzi naujua kidogo, na nawaambieni, mhusika anayefanya kazi ya mabwana wawili wanaopingana, bila yeyote kati yao kushtuka, huyo ni mhusika ambaye mtunzi wake amechoka.

Tumpime basi kama tunavyopima mhusika. Tuchukue maisha yake, tuone kama usaliti unakaa. Huyu ni mtoto wa Ikungi, Singida, aliyezaliwa mwaka 1968 na akasomea sheria. Kabla hajawa mbunge alikuwa mwanasheria wa mazingira, akasimama na wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu wakati ambapo kusimama nao kulikuwa ni kujitafutia kesi, na kesi ya uchochezi akaipata. Mwaka 2010 akaingia bungeni kwa jimbo la Singida Mashariki. Machi 2017 mawakili wenzake wakamchagua kuwa rais wa chama chao. Tarehe 7 Septemba mwaka huo, mchana kweupe, katoka bungeni, gari limeingia kwenye makazi yake Dodoma, akamiminiwa risasi. Kumi na sita zilimpata mwilini. Miaka minane baadaye, 2025, hakuna mtu aliyekuwa amefikishwa mahakamani kwa risasi hizo.

Haya, mtunzi wa kijiweni, nijibu. Kwa nini? Huyo mtumaji alimpa nini Lissu ambacho kinalipa risasi kumi na sita? Ubunge? Ubunge walimvua mwaka 2019 akiwa bado hospitali na nyumbani kwa watu. Fedha? Nionyesheni nyumba. Cheo? Cheo kipi, wakati wenzake kadhaa waliohamia CCM miaka ile walipewa vyao na yeye yuko kitandani anashonwa? Nilipouliza hivyo kijiweni nikajibiwa kwa msemo ule unaomaliza kila mjadala Dar es Salaam: "We subiri, utaona." Nikasubiri. Nitawaambia nilichoona.

Mnakumbuka *Kusadikika* ya Shaaban Robert? Wengi tuliisoma kwa ajili ya mtihani, tukaitupa. Karama anashtakiwa kwa sababu anataka uanasheria ufundishwe, na mshitaki ni waziri, tena anaitwa Majivuno. Ninachokikumbuka mimi ni kwamba Karama hakuwa na wa kumtetea ila maneno yake mwenyewe, na maneno yenyewe yalikuwa ni kumbukumbu za watu waliotumwa na nchi yao, wakarudi na kheri, wakafungwa. Nilirudia kukisoma kitabu kile Januari ile, dukani, baina ya mteja wa plagi na mteja wa tairi.

Na msidhani hadithi ya kutumwa ilizaliwa kwa Lissu. Mwaka 2009 Zitto Kabwe alitaka kugombea kiti hicho hicho, wazee wa chama wakaingilia, akaondoa jina. Kuanzia hapo neno "msaliti" likamfuata mpaka akavuliwa uanachama mwaka 2015. Sisemi Zitto alikuwa malaika, ana yake ya kujibu. Nasema tu kwamba katika chama chetu ukitamka "nagombea uenyekiti" kuna watu wanasikia "nimetumwa." Sasa chama kinachodai nchi ibadilishe uongozi kwa kura, kinawezaje kuliona jambo hilo hilo kuwa ni uhaini likifanyika ndani ya ukumbi wake?

Hilo la Ubelgiji nalipita haraka maana halina nyama. Ati Lissu ni Mbelgiji, anakaa huko anakula raha, sisi tunakula mabomu ya machozi. Alikwenda Ubelgiji Januari 2018 kutoka hospitali ya Nairobi, kutibiwa, si kutalii. Alirudi Julai 2020, akagombea urais. Akaondoka tena Novemba baada ya uchaguzi, akisema maisha yake yamo hatarini, na akarudi Januari 2023, mwezi ule ule ambao marufuku ya mikutano ya hadhara iliondolewa. Mtu mwenye raha zake Ulaya harudi mara mbili mahali alipopigwa risasi. Nenda kamuulize binamu yako aliyezamia Ulaya kama anarudi hata mara moja, tena huyo hajapigwa hata kofi.

Dai lililoniuma ni lingine, na halikutoka kijiweni. Lilitoka kwa mjomba.

Mjomba wangu ni Chadema wa siku nyingi, tangu chama kinatafutwa kwa tochi. Yeye alikuwa wa Mbowe. Jioni moja tumefunga nusu ya mlango, anahesabu mauzo, akaniambia bila kuniangalia: "Mpwa, siku ile Dodoma, nani alipanda naye ndege usiku kwenda Nairobi?"

Nikasema: "Mbowe, mjomba."

"Nani alikuwa naye hospitalini?"

"Mbowe."

"Basi leo amtoe kwenye kiti, hana haya?"

Nikanyamaza. Sikuwa na jibu, na mjomba si mtu wa kujibiwa hovyo, ndiye aliyenilea. Tena kila alichosema kilikuwa kweli. Mbowe alikuwapo. Na Mbowe mwenyewe amelipia siasa hizi kwa ngozi yake: Julai 2021 alikamatwa Mwanza, akafunguliwa kesi ya ugaidi, akakaa mahabusu zaidi ya miezi saba mpaka kesi ilipofutwa Machi 2022. Anayemdharau Mbowe hajui chama hiki kilijengwa na nini.

Ilinichukua kama wiki kupata jibu, na nililipata nikiwa nimebanwa mlangoni mwa daladala la Gongo la Mboto, ambako majibu mengi hupatikana. Fadhila ni deni la mtu na mtu. Lissu anadaiwa na Mbowe, na atalilipa deni hilo mpaka kaburini, kwa heshima, kwa kumtembelea akiugua, kwa kuzika wake. Lakini kiti cha mwenyekiti si mali ya Lissu hata alipie nacho deni lake. Ni mali ya wanachama. Mimi mjomba kanilea. Akiniambia nimpe ini nitampa. Akiniambia nimpe gari la jirani, nitasemaje? Wanaosema Lissu hana shukrani wanataka alipe deni lake kwa mali yetu sisi. Tena walisahau kwamba alikaa chini ya Mbowe kama makamu wake tangu Desemba 2019, miaka mitano, na hata hiyo waliita tamaa.

Nilimweleza mjomba. Alisema, "Umejifunza kuongea," na hakusema kwamba nimekosea.

La mropokaji, sitaki kuwadanganya, lina ukweli ndani yake. Lissu anaongea. Mei 2024 alisimama Iringa, mbele ya watu, akasema kuna fedha chafu imeingia kwenye chaguzi za ndani ya chama. Viongozi wengi walikasirika, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: kwa nini hakusema vikaoni? Chama kina vikao, kina kamati kuu, na adui yuko nje anacheka. Mimi pia nilisikia vibaya siku ile. Lakini fikirini. Wangapi wamesema vikaoni, na maneno yao yamebaki humo vikaoni mpaka wamezeeka? Sisi tunaopanga viti tungejua lini kwamba kuna swali? Kiongozi anayesema mbele yangu jambo la aibu la chama changu ananikera, nakiri, lakini ananihesabu kuwa mwenye chama. Nataka huyo, hata kama masikio yataniuma. Mwingine anaweza kupima mizani hiyo akaona kisirani cha mdomo kinazidi faida yake. Huyo nitabishana naye mpaka usiku na tutaagana vizuri. Ni yule wa "katumwa" ambaye hana mizani kabisa.

Sasa lile la kalamu.

Mwanzoni mwa Januari 2025 niliandika karatasi. Kurasa mbili, nikaipeleka kwenye duka la fotokopi, nikatoa nakala arobaini kwa pesa yangu ya nauli ya wiki. Ukurasa wa kwanza ndio haya mnayoyasoma, kwa ukali zaidi na kwa makosa mengi zaidi ya tahajia. Ukurasa wa pili niliandika kwamba Mbowe amenunuliwa. Nilitaja na kiasi. Nilikitoa wapi? Kijiweni, kwa wenzangu wa upande wetu. Wallahi nilikiandika usiku wa manane kwa raha kabisa, sentensi zinakuja zenyewe, na nilidhani kwamba kitu kinachoandikika vizuri hivyo lazima kiwe kweli.

Nakala moja ikafika dukani ndani ya begi la mteja. Mjomba akaisoma yote, amevaa miwani yake, mimi nimesimama nyuma ya kaunta nashika boksi la breki.

"Hii ni yako."

"Ndiyo, mjomba."

"Ukurasa wa kwanza mzuri. Unauliza, nani kaona? Unauliza, anapata nini? Unauliza, mbona mabwana wawili?" Akageuza. "Huku hujauliza. Wewe uliona hizo pesa?"

"Sikuona."

"Nani kaona?"

"Wanasema..."

"Mimi nimeuliza nani kaona."

Sikuwa naye. Kwa wenzangu wa kalamu nakiri kitu ambacho kwa mjomba nilishindwa kukisema: aibu yangu haikuwa ya kumkosea Mbowe peke yake. Ilikuwa ni ile ya mwalimu na wino mwekundu, mara ya pili. Mtu aliyekaa miezi saba na ushee mahabusu kwa kesi ya ugaidi, nami nikaandika amenunuliwa, bila hata kujiuliza: kwa nini? Nilikuwa nimemtetea mgombea wangu kwa kipimo kimoja na nimemshambulia mwenzake kwa kipimo kingine, na vyote viko kwenye karatasi moja, mbele na nyuma.

Nilizunguka nikakusanya nakala. Nilipata ishirini na sita. Kumi na nne ziko mahali zinasomwa, au zimefungia maandazi. Kila niliyemnyang'anya nilimwambia ukurasa wa pili ni uongo wangu. Wenzangu wa upande wa Lissu walinikasirikia kuliko wale wa Mbowe. Mmoja aliniambia, "Hivi sasa si wakati wa ukweli, wakati wa ukweli ni baada ya uchaguzi." Nikamwambia hayo ndiyo wanayosema wote.

Tarehe 21 Januari mkutano mkuu ukakaa Mlimani City. Kijiwe kizima hakikulala. Kura zilihesabiwa huku watu wanafuatilia kwenye simu, kifurushi kikiisha tunachangishana. Asubuhi ya tarehe 22 ikawa Lissu 513, Mbowe 482. Tofauti ya kura thelathini na moja. Hesabu hiyo iangalieni vizuri, maana wanaosema uchaguzi ulikuwa umepangwa wanataka tuamini kuna mpangaji mwenye hofu kiasi hicho cha kujiachia kura thelathini na moja tu. Na Mbowe akakubali kushindwa, akampongeza mwenzake, hata kabla ya matangazo rasmi kumalizika. Mtu aliyenunuliwa ili chama kife angekuwa na nafasi yake siku ile. Angegoma, angekwenda mahakamani, chama kingegawanyika pale pale ukumbini. Hakufanya hivyo. Ukurasa wangu wa pili ulikufa asubuhi ile kwa mara ya pili, na safari hii aliyeuua ni Mbowe mwenyewe.

Nilisema nitawaambia nilichoona baada ya kusubiri. Wale waliosema Lissu atagawa chama walipata kitu: Mei 2025 kundi la wanachama waliopinga msimamo wake wa "bila mageuzi hakuna uchaguzi" liliondoka, wengi wao wakaenda CHAUMMA. Mjomba hakunikumbusha, lakini aliweka gazeti mezani likiangalia upande wangu. Haya, nimelisoma. Hoja ile ilikuwa na miguu, na ningeipa uzito zaidi kama ningeandika upya.

Lakini ile ya kutumwa? Tarehe 9 Aprili 2025 Lissu alikamatwa Mbinga, mkoani Ruvuma, ametoka kuhutubia. Kesho yake alisomewa shtaka la uhaini Kisutu, Dar es Salaam. Uhaini hauna dhamana, na adhabu yake kisheria ni kifo. Tarehe 12 ya mwezi ule ule Tume ya uchaguzi ikasema Chadema haitashiriki, kwa sababu haikusaini kanuni za maadili. Oktoba ikafika na kupita, Chadema haimo kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake yuko rumande. Hayo ndiyo malipo ya aliyetumwa. Kama kuna kijana anatafuta ajira, namshauri asiombe kwa mwajiri huyo.

Mtadhani hadithi iliishia hapo. Siku mbili tatu baada ya kesi ile kufunguliwa, nilikuwa napanga cheni za pikipiki rafuni. Yule bwana wa kofia akaingia kununua taa ya nyuma. Akasema kwa sauti ya mtu mwenye siri: hata kukamatwa huku ni sinema, wamekaa wakapanga naye, ili apate jina.

Nikafungua mdomo. Mjomba, wa Mbowe tangu siku za tochi, akanionyesha kiganja nitulie. Akaiweka ile taa juu ya kaunta, akavua miwani.

"Nani kaona?" akamuuliza.